Milia: Neno Moja Lenye Kazi Nyingi

Katika Kiswahili yako maneno mengi ambayo kila mtu huyatumia tangu utotoni bila ya kusimama na kuyapima. Mojawapo ni neno "milia". Mtoto wa shule hulisoma katika habari za punda milia. Fundi cherehani hulitamka anapokata kitambaa. Karani hulikuta katika taarifa za wanyama. Na dereva huiona milia yenyewe mbele yake barabarani. Lakini mtu akiulizwa ghafla, "Milia ni nini hasa? Na katika mnyama wa rangi mbili, rangi ipi ndiyo iliyo milia?" wengi watasita kabla ya kujibu.

Katika Garissa na nchi yote ya Kaskazini Mashariki ya Kenya swali hili si la mchezo. Katika nchi hiyo mnyama hutambuliwa kwa alama zake, huhesabiwa kwa alama zake, na wakati mwingine huishi au hufa kwa ajili ya alama zake. Tena baadhi ya wanyama hao hawapatikani po pote pengine duniani, nao wamebaki wachache mno. Kwa hiyo yafaa neno hili litazamwe kidogo, kwanza kama neno, kisha kama kitu kilicho hai.

MLIA SI MSTARI

Katika umoja neno hili ni mlia, na katika wingi ni milia, kama mti na miti. Maana yake ni ukanda wa rangi upitao juu ya rangi nyingine, katika mwili wa mnyama, au katika nguo, au katika kitu cho chote. Mara nyingi hutajwa kwa wingi, kwa kuwa ni nadra mlia kuwa peke yake.

Yako maneno mengine yaliyo jirani na neno hili, na mwandishi mwangalifu hayachanganyi. Mstari, neno lililotoka katika Kiarabu, ni ule uchorwao kwa kalamu, au safu ya maneno katika kitabu, au watu waliopangwa wakifuatana. Utepe ni ukanda wa kitambaa ushonwao juu ya kitu kingine. Mchirizi ni njia ya maji, machozi au damu yatiririkayo. Na kwa sababu hiyo watu wengi huita michirizi zile alama hafifu zinazobaki tumboni mwa mwanamke aliyekwisha kuzaa. Doa ni la mviringo, na baka ni pana lisilo na umbo maalumu. Chale ni mkato wa wembe katika ngozi, na chapa ni alama ya moto. Kila moja lina mahali pake. Mwenye kusema kwamba chui ana milia amekosea, kwa kuwa chui ana madoa. Lakini wale waliomwita yule mnyama mkali wa Bara Hindi "chui milia" walimwita kwa haki, maana madoa hana.

Makarani waandikao barua na taarifa wakumbuke mambo mawili. La kwanza, milia si mila. Mila ni desturi za watu, na herufi moja ikipotea taarifa nzima hugeuka kichekesho. La pili, punda milia huchukua viambishi vya viumbe wenye uhai: punda milia mmoja amekunywa, punda milia wawili wamekunywa. Wako waandikao maneno mawili, punda milia, na wako wayaungao kuwa neno moja, pundamilia. Namna zote mbili hukubaliwa, mradi mwandishi achague moja na kuishika mpaka mwisho.

NYEUPE JUU YA NYEUSI

Sasa lile swali la rangi. Punda milia ni mweusi mwenye milia myeupe, au ni mweupe mwenye milia myeusi? Wazee wamebishana juu ya jambo hili mara nyingi, na kila upande ulikuwa na hoja zake. Wenye kushika weupe walionyesha tumbo, ambalo kwa punda milia wa kaskazini ni jeupe tupu. Wenye kushika weusi walionyesha pua, ambayo ni nyeusi.

Elimu ya viumbe imetoa jibu. Punda milia akinyolewa manyoya yote, ngozi iliyo chini huonekana nyeusi. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, chembe zitiazo rangi huenea katika ngozi yote. Mahali ambapo kazi yake huendelea, nywele huota nyeusi; na mahali ambapo kazi hiyo huzuiliwa, nywele huota bila rangi, yaani nyeupe. Kwa hiyo weusi ndio msingi, na milia hasa ni ile myeupe. Wale wazee walioshika weusi walipata haki.

WANYAMA WENYE ALAMA NYEUPE

Garissa ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 44,000, na upande wake wa magharibi unafuata Mto Tana. Katika vichaka na nyanda zake wamo wanyama wengi wenye alama nyeupe, wala si punda milia peke yake.

Yupo tandala mdogo, ambaye Wasomali humwita goodir. Huyu ni mnyama wa vichaka vizito, naye ana milia myembamba myeupe ishukayo ubavuni kutoka mgongoni, kwa kawaida zaidi ya kumi. Akisimama kimya penye vivuli vya matawi, milia ile huchanganyika na miali ya jua ipenyayo kati ya majani, na mtu aweza kupita karibu naye asimwone.

Yupo twiga wa kaskazini, ambaye Wasomali humwita geri. Twiga huyu ana mabaka makubwa ya rangi ya kahawia, yametengwa na mistari myeupe iliyo safi kana kwamba ametupiwa wavu wa mvuvi. Karibu na mji wa Garissa, mahali paitwapo Bour-Algi, wenyeji wametenga nchi kwa ajili ya kuwahifadhi. Na katika hifadhi ya Ishaqbini, kusini ya wilaya hiyo ya zamani, alionekana mwaka 2017 twiga jike aliyekuwa mweupe mwili mzima, pamoja na ndama wake. Habari zao zilienea duniani kote. Lakini weupe huo haukuwa kinga. Mwezi wa Machi 2020 ilitangazwa kwamba jike huyo na ndama mmoja wameuawa na majangili, na ya kuwa amebaki dume mmoja tu. Baadaye mwaka huo dume huyo alifungwa chombo cha kuonyesha mahali alipo, ili walinzi wamfuate.

Hata ndege wamo. Kanga wa nchi kavu ya kaskazini, mwenye kichwa kitupu kama cha tai mla mizoga, ana manyoya marefu shingoni na kifuani, kila unyoya ukiwa na mlia mweupe katikati na rangi ya buluu pembeni. Ni vigumu kupata ndege wa nyikani aliyevaa vizuri kuliko huyo.

Lakini aliye wa kwanza kwa heshima katika Garissa ni hirola, ambaye Wasomali humwita arawla. Mlia wake ni mmoja tu: mstari mweupe upitao juu ya paji la uso kutoka jicho hata jicho, na macho yenyewe yamezungukwa na weupe, hata mtu humdhania kuwa amevaa miwani. Mtaalamu Sclater wa London alimwandika katika elimu ya wanyama mwaka 1889, akampa jina la Hunter, mwindaji aliyempata karibu na Mto Tana. Mnyama huyu kwa asili haishi po pote ila katika nchi iliyo kati ya Mto Tana na kusini ya Somalia. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kuwa zaidi ya 10,000. Ukaja ugonjwa wa sotoka katika miaka ya 1980, ukaja ukame, ukaja uwindaji, na vichaka vikaenea juu ya nyanda za majani walizozitegemea. Hesabu ya wanyama wa Kenya ya mwaka 2021 ilipata hirola 497 tu.

Yafaa isemwe kwamba wenyeji hawakukaa kimya. Watu wa Ijara waliitenga Ishaqbini wao wenyewe, na mwaka 2012 walijenga ua mkubwa usiopenyeka na simba wala fisi, wakatia ndani hirola 48. Hao wakazaa, na idadi yao ikapita mia moja. Naye Dakta Abdullahi Ali, mzaliwa wa Garissa, aliyewasomea hirola mpaka akapata shahada ya juu, amefanya kazi ya kung'oa vichaka na kurudisha majani, na mwaka 2020 alipewa tuzo ya Whitley kwa kazi hiyo.

PUNDA MILIA WA KASKAZINI

Katika Kenya wako punda milia wa namna mbili, na mara nyingi watu huwachanganya. Wa kwanza ni yule wa kawaida, mwenye milia mipana ifikayo mpaka chini ya tumbo. Huyu yuko nyanda nyingi za Afrika Mashariki, na kusini ya Garissa pia. Wa pili ni yule wa kaskazini, aitwaye Grevy. Mwili wake ni mkubwa, uzito wake hufika kilo 350 hata 450. Masikio yake ni mapana ya mviringo. Milia yake ni myembamba na ya karibu karibu. Na tumbo lake halina milia. Mtoto wake huzaliwa na milia ya rangi ya kahawia, nayo huwa myeusi kadiri anavyokua.

Jina lake lina kisa. Mwaka 1882 mnyama mmoja wa namna hii alipelekwa Ufaransa kutoka Habeshi kuwa zawadi kwa Rais Jules Grévy. Mtaalamu Oustalet alipomtazama aliona ya kuwa si sawa na punda milia waliokwisha kujulikana, akampa jina la rais huyo. Wasomali hawakuhitaji rais wa kuwaonyesha. Wao humwita punda milia dameer farow, na neno dameer ni lile lile wamwitalo punda wa nyumbani. Waswahili na Wasomali, kila watu kwa lugha yao, wamemtaja kwa ukoo wake.

Na ukoo huo ni wa kweli. Punda avutaye mkokoteni wa maji katika mitaa ya Garissa ana mlia mmoja mweusi mgongoni na mwingine upitao mabegani, mfano wa msalaba. Punda mwitu wa Usomali, ambaye sasa ni nadra sana, ana milia myeusi miguuni. Wataalamu husema kwamba punda alianza kufugwa katika upande huu wa Afrika miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Hivyo mkokoteni wa maji hubeba historia ndefu kuliko ya farasi wa wafalme.

Tabia zao pia ni mbali mbali. Punda milia wa kawaida huishi kwa jamaa, dume mmoja na majike yake, nao hawaachani. Dume wa Grevy hana jamaa, ana nchi. Hushika eneo lenye majani na njia ya maji, akalilinda peke yake, na majike hupita humo wapendavyo. Mimba yake huchukua miezi kumi na mitatu. Mnyama mkubwa aweza kukaa siku kadhaa, hata tano, bila maji. Lakini jike anyonyeshaye hawezi, naye hulazimika kunywa kila siku au kila baada ya siku moja. Jambo hili dogo ndilo linaloamua maisha ya ukoo wake, kama itakavyoonekana hapo mbele.

Zamani punda milia hao walienea kutoka Eritrea na Jibuti, kupita Habeshi na Usomali, mpaka kaskazini ya Mto Tana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000. Wengi waliuawa kwa ajili ya ngozi zao, zilizotakiwa sana na wanawake wa miji ya mbali ili kufanywa makoti na mazulia. Milia iliyowapamba ndiyo iliyowaua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1979 biashara ya ngozi hizo kati ya nchi na nchi ikakatazwa. Lakini katika Somalia mnyama huyu hakuonekana tena tangu mwaka 1973. Leo wamebaki katika Habeshi na Kenya tu, na walio wengi sana wako Kenya. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata 2,649.

MILIA KAMA SAHIHI

Katika ofisi, mtu asiyejua kuandika huweka alama ya dole gumba, nayo hukubaliwa na mahakama, kwa sababu hakuna watu wawili wenye alama moja. Ndivyo ilivyo milia. Hakuna punda milia wawili wenye milia iliyo sawa, tena mpangilio wake haubadiliki tangu kuzaliwa hata kufa.

Jambo hili limewapa watu njia mpya ya kuhesabu. Mwaka 2016, na tena mwaka 2018, mamia ya watu, wakiwamo wafugaji, wanafunzi na askari wa wanyama, walitawanyika siku mbili katika nchi za kaskazini wakiwapiga picha punda milia wa Grevy, kila mmoja ubavu wa kulia. Picha hizo, maelfu kwa maelfu, zilipelekwa katika kompyuta, nayo ikailinganisha milia na milia kama karani alinganishavyo sahihi. Aliyepigwa picha mara tano alihesabiwa mara moja. Hesabu ya mwaka 2016 ilitoa 2,350, na ya mwaka 2018 ikatoa 2,812. Kazi hiyo haikudai mnyama ye yote akamatwe wala atiwe chapa. Alikwisha kuja na hati yake mwilini.

MILIA NA NZI

Kwa mfugaji, swali kubwa si uzuri wa milia bali ni faida yake. Watu wengi walidhani kwamba milia humficha mnyama na simba, au humchanganya simba anapofukuza kundi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeelekea upande mwingine, yaani upande wa nzi.

Katika Uingereza, mwaka 2019, wachunguzi waliwavika farasi mavazi ya milia, na wengine mavazi meusi au meupe matupu. Nzi wakubwa waumao, waitwao pange, waliwazunguka farasi wote kwa wingi ule ule. Lakini walipokaribia vazi la milia walishindwa kutua, wakapita au wakajigonga. Kichwani, ambako hakukuwa na vazi, walitua kama kawaida.

Mwaka huo huo, katika Japani, wachunguzi walichukua ng'ombe sita weusi. Walipowapaka milia myeupe, nzi waliotua juu yao walipungua kwa karibu nusu. Walipowapaka milia myeusi, ili ijulikane kama ni harufu ya rangi iliyowafukuza nzi, haikuonekana nafuu kubwa. Basi ilionekana ya kuwa nguvu iko katika weupe ulio juu ya weusi, na si katika rangi kwa kuwa ni rangi.

Habari hii inagusa Garissa moja kwa moja. Pange ni miongoni mwa nzi wachukuao ugonjwa wa surra, ambao wafugaji wa Kisomali huujua kwa jina la dhukaan. Ngamia aliyeugua hushikwa na homa za kurudia rudia, hukonda ijapokuwa majani yapo, na jike hutupa mimba. Kwa mtu ambaye ngamia zake ndizo benki yake, maziwa yake na mahari ya mwanawe, huo si ugonjwa mdogo.

Hata hivyo mfugaji asikimbilie kopo la chokaa. Jaribio la Japani lilikuwa la ng'ombe sita tu, rangi yake ilidumu siku chache, na ngamia si mweusi kama ng'ombe wale. Dawa za ugonjwa huu zipo, na daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa kwanza. Lakini si vibaya mtu akijua ya kwamba punda milia alipata kinga yake kabla ya duka la dawa kufunguliwa.

CHAPA, TEPE NA KIVUKO

Mwanadamu naye amejifunza kutumia milia. Ngamia wa Kisomali hutiwa chapa ya moto iitwayo sumad, na kila ukoo una chapa yake, shavuni, au shingoni, au pajani. Mahali palipochomwa nywele hazioti vizuri tena, na alama hubaki ikionekana maisha yote. Ngamia akipotea mwezi mzima na kukutwa kisimani mbali, wajuao husoma alama hiyo na kumrudisha kwa mwenyewe. Kesi nyingi za mifugo zimekatwa kwa alama hiyo bila ya karatasi.

Tangu siku za K.A.R., askari naye amejulikana kwa tepe za mkononi. Koplo ana mbili na sajini ana tatu. Nyumba nyingi za kaskazini zimewahi kuwa na mtu aliyezivaa, na watoto walijifunza kuhesabu kwa kuzitazama. Pwani, mhunzi wa sifa za mwanamume ni kikoi, ambacho huwa cheupe katikati na milia ya rangi pindoni. Na mtu mzima hutazama pindo hilo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Na katika miji kuna kivuko cha punda milia. Uingereza ilianza kukiweka kwa sheria mwaka 1951, na mji wa Slough unatajwa kuwa wa kwanza. Hapo pia jibu la wazee limethibitika: lami nyeusi ndiyo msingi, na nyeupe ndiyo milia. Dereva aonapo milia hiyo na mtu juu yake, wajibu wake ni kusimama. Milia ya barabarani haina nguvu ya kumzuia mtu ye yote. Nguvu yake yote iko katika adabu ya yule aionaye.

MAJI YA USIKU

Maneno hayo ya mwisho yawahusu punda milia walio hai pia. Siku hizi adui mkubwa wa punda milia wa kaskazini si bunduki tu. Ni kisima. Mchana visima na mabwawa hushikwa na ng'ombe, mbuzi na ngamia, tangu asubuhi hata jua kuchwa, na mfugaji hana kosa, maana naye ametembea mbali. Punda milia husubiri usiku. Usiku ni saa ya simba, na jike anyonyeshaye, ambaye hawezi kungoja siku ya pili, huenda na mtoto wake katika hatari hiyo mara nyingi kuliko wote. Wakati wa ukame mambo huwa mabaya zaidi. Kati ya mwezi wa Februari na Oktoba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ukame umewaua ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, na punda milia wa Grevy 49. Hesabu ya 49 ni ndogo machoni; lakini kwa ukoo usiotimia 3,000 ni karibu wawili katika kila mia kwa miezi tisa.

Hapa pana ugumu wa kweli, wala haufai kufichwa. Katika mwaka wa ukame mfugaji aliyepoteza nusu ya ng'ombe wake haambiwi kwa urahisi ampishe mnyama wa mwitu. Majani ni yale yale na maji ni yale yale. Lakini wako wafugaji wa kaskazini waliopata njia ya katikati. Mifugo ikiisha kunywa jioni, hawasogezi zizi karibu na maji. Na birika haliachwi tupu, bali hubakizwa maji kidogo. Gharama yake ni debe chache.

Kuna na jambo la pili lisilo na gharama. Ugonjwa wa kimeta huua punda milia kama uuavyo ng'ombe, na ulipozuka katika nchi ya Samburu mwishoni mwa mwaka 2005 mamia ya punda milia ilibidi wachanjwe mwaka uliofuata. Mtu akikuta mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, hasa wenye damu puani au nyuma, asiupasue, wala asichukue nyama wala ngozi, bali apeleke habari kwa ofisi ya mifugo au kwa askari wa wanyama walio karibu. Kwa kufanya hivyo atalinda punda milia, na kabla ya punda milia atalinda ng'ombe wake, na kabla ya ng'ombe wake atawalinda watoto wake.

Waswahili husema asante ya punda ni mateke, na hapana shaka punda milia hatamshukuru mtu kwa maji ya birika. Lakini kamusi zitaendelea kuandika neno milia kwa miaka mingi, hata kama mwenyewe ametoweka. Katika Somalia neno dameer farow bado linasemwa, na punda milia wa Grevy hajaonekana huko tangu mwaka 1973. Watu wa Garissa wana nafasi ambayo jirani zao wameikosa: kuwaonyesha watoto wao neno na mnyama mahali pamoja.